Shangazi Hazibwi

Fundi aliitwa stesheni kwenda kuziba mlango. Ndivyo alivyoambiwa kwenye simu, na kazi za namna hiyo ndizo alizozizoea: mageti, vyuma vya madirisha, milango ya maduka. Mtu akiogopa wezi anamwita. Mtu akigombana na jirani juu ya kichochoro anamwita. Siku hizi hakumbuki mara ya mwisho kuitwa kwenda kufungua kitu. Akapakia mashine yake ya kuchomelea nyuma ya pikapu ya mumewe, akafunga kitambaa kichwani, wakaondoka.

Meneja wa stesheni aliwapokea mlangoni mwa karakana ya zamani. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa pasi, na pale mlangoni penye dimbwi la matope alivuka kwa ncha za viatu kama aliyebeba mayai. Akawaongoza hadi reli ya mwisho, akanyoosha kidole.

"Huyo hapo."

Lilikuwa garimoshi la mvuke, jeusi kwa masizi na jekundu kwa kutu, taa ya mbele imepasuka, vumbi limelala juu ya boila kama blanketi. Watu wa reli walimwita Shangazi tangu zamani, kwa sababu akifika mtaa mzima unajua amefika, na akiondoka watu wanabaki wakipangusa macho. Fundi alikulia ng'ambo ya uzio, kwenye nyumba za reli. Dereva wa Shangazi alikuwa kaka wa mama yake, na honi ikilia mbali, mama alibandika sufuria motoni bila kuuliza saa. Baadaye zikaja injini za dizeli. Shangazi akasukumwa humu ndani, mlango ukarudishwa, basi.

"Tunafungua stesheni mpya," Meneja akaeleza. "Mkurugenzi anataka asimamishwe pale mbele, juu ya jukwaa, apakwe rangi, watu wapige picha. Wewe ziba kila tundu. Mlango wa tanuri, bomba la moshi, kila kitu. Halafu tutamwaga zege ndani, walevi wasije wakalala humo."

"Zege tumboni?" mume wa Fundi akashtuka. "Hata mimi nikimuudhi huyu mke wangu, hanifanyii hivyo."

Ili kuziba, Fundi alitaka kwanza aone. Akapanda kibandani mwa dereva, akavuta mlango wa tanuri uliolia kama mbuzi, akaingia kichwa kwanza na tochi mkononi. Ndani palikuwa na nafasi ya mtu kupiga magoti. Alitegemea kukuta chuma kimeliwa mpaka kimekuwa chandarua. Boila alizijua, ya dobi ya hospitali ikigoma, yeye ndiye huitwa. Akakwangua kutu kwa patasi. Chini yake chuma kilikuwa kizima. Akakwangua kona nyingine. Kizima. Halafu akaona alama za mafuta mazito yaliyokaukia ukutani, yamepakwa kwa brashi, taratibu, mpaka kwenye pembe. Siku ya mwisho kabisa kuna mtu alitoa maji yote, akaikausha boila, akaipaka mafuta, kama anayemtandikia kitanda mtu atakayerudi.

Alikaa humo mpaka mumewe akagonga bati kwa spana. "Mama Watoto! Umelala?"

Akatoka uso mweusi, macho yanawaka.

"Simzibi."

Meneja akamtazama. "Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki. Huyu ni mzima. Nikimziba nitakuwa nimemzika na roho yake."

"Fundi, hicho ni chuma."

"Na mimi nakula kwa chuma. Ndiyo maana nakwambia." Akashuka, akasimama mbele yake. "Nipe mpaka siku ya ufunguzi. Akitembea mwenyewe, hazibwi. Akishindwa, nitamziba kwa mkono wangu, bure."

Meneja akacheka, lakini si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyechoka na vikao, ambaye hatimaye ameambiwa jambo lenye ladha. "Mkaguzi wa boila akikubali, mimi sina neno. Ila Mkurugenzi hajui, na kwangu hatajua."

Njiani mumewe akatikisa kichwa. "Nilipokuoa nilijiandaa kushindana na wanaume. Sikujua nitapambana na garimoshi."

"Tulia, Baba Watoto. Ni shangazi huyo, si mwanamume."

*

Mjomba alikuwa akiishi kwa binti yake, kwenye chumba cha uani. Miaka ya kelele za injini ilimharibu sikio moja, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba! Mbona unanuka masizi?"

Fundi akamweleza. Mzee alisikiliza akiwa ameelekeza sikio zima, kisha akageuza uso ukutani.

"Mwacheni. Mimi waliniambia niende nyumbani, nikaenda. Naye aende. Kwani yeye nani?"

"Nani alipaka mafuta ndani ya tanuri?"

Mzee akakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Mjomba, nani alimpaka mafuta?"

"Mpumbavu mmoja!" mzee akafoka. "Alidhani watabadili mawazo. Alifanya kazi ya siku mbili bila kuagizwa na mtu, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye kiti kama hiki." Akapiga mkono wa kiti. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya kunong'ona, "Yameshika?"

"Yameshika."

"Kesho nakuja. Nakuja kukuonyesha unavyokosea tu. Nikimaliza, narudi zangu."

Alikuja, na hakumaliza kumwonyesha. Alikuja kesho yake na siku zilizofuata, na safari ya tatu alimleta Kinyozi, aliyekuwa akimtilia makaa tanurini zamani. Mabega ya mtu huyu yalikuwa bado ya beleshi. Wateja wake walizoea kuona mkasi ukipotea ndani ya kiganja chake. Alifunga duka kila mchana, akabandika kibao mlangoni: *Niko kwa Shangazi*. Nusu ya wateja walimpa pole kwa msiba.

Kazi ilikuwa chafu na haikuwa na haraka na mtu. Walichomoa mabomba ya ndani ya boila moja moja, mengine yakatoka kwa kubembelezwa, mengine kwa matusi. Mapya Fundi aliyapata kwa mwenye kiwanda kilichofungwa. Akamtengenezea geti, naye akamwachia mabomba. Grisi ya kwenye magurudumu ilikuwa imeganda kama sabuni, ikabidi ikatwe kwa kisu. Ndani ya bomba la moshi kulikuwa na viota juu ya viota, ghorofa nzima ya ndege. Usiku Fundi alioga maji mawili na bado shuka ilichafuka. Mtaani waliwaita wendawazimu wa reli. Dada yake mkubwa alimwuliza mbele za watu, kwa nini mwanamke mwenye akili zake aache kazi za watu akahangaikie skrepa.

"Kwa sababu wanasema ni skrepa," Fundi akamjibu.

*

Mkaguzi wa boila alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mfuko wa turubai begani na nyundo ndogo ndani yake. Hakuwa na maneno mengi. Alivua viatu, akavaa ovaroli, akaingia tanurini.

Kuta za tanuri la garimoshi ni mbili, na kati yake kuna maji. Kuta hizo zimeshikwa pamoja kwa mamia ya pini nene za chuma. Mkaguzi aligonga pini moja baada ya nyingine akisikiliza. Baadhi alizichora msalaba kwa chaki. Fundi, aliyechungulia mlangoni, aliiona misalaba ikiongezeka na moyo ukimshuka.

"Hizi zimekatikia ndani," Mkaguzi alisema alipotoka.

"Zote nimezitazama."

"Ndiyo. Umezitazama."

Fundi akapandwa na hasira. Alisema amefanya boila tangu ujana, kwamba ufunguzi uko karibu, kwamba kuna watu wanangoja tu ashindwe. Mkaguzi alimwacha amalize.

"Mimi niliitwa kiwandani siku boila ilipopasuka," akasema. "Nilikuta kofia ya fundi juu ya paa. Sikatai Shangazi awake, mwenzangu. Nakataa akuue. Na cheti sikitoi kwa huruma."

Fundi alitoka nje, akaipiga ndoo teke ikaenda mpaka uzioni. Akaifuata, akaiokota, akakaa juu yake. Aliporudi alinyoosha mkono.

"Nipe nyundo. Nifundishe kusikiliza."

Wakaingia wote wawili, wakibanana kama viatu ndani ya boksi. Pini nzima iligongwa ikalia kama kengele. Iliyokatika ililia kama kugonga gogo. Walirudia mpaka Fundi akafumba macho na kuzitaja bila kukosea.

"Badilisha zote zenye msalaba," Mkaguzi akasema. "Na kile kizibo cha risasi juu ya tanuri, kile kinachoyeyuka maji yakipungua, weka kipya. Ukiwa tayari nitarudi."

*

Mkurugenzi alijua. Alikuja kukagua jukwaa lake, akalikuta tupu, akauliza, na Meneja hakuwa mtu wa kuweza kudanganya akiwa ameulizwa usoni. Asubuhi iliyofuata lori la zege lilipita getini, pipa lake likizunguka.

Fundi alikuwa ndani ya tanuri akitoboa pini za mwisho. Alisikia breki, kisha sauti ya Meneja, ya aibu.

"Fundi, toka tafadhali. Amri imetoka juu."

"Sitoki."

"Mkurugenzi mwenyewe yuko hapa."

"Mwambie karibu. Hapa ndani ni padogo, pangekuwa na nafasi ningemkaribisha."

Mkurugenzi aliagiza atolewe. Wafanyakazi wakatazamana. Mlango wa tanuri unapitisha mtu mmoja, tena kwa kichwa, na ndani kulikuwa na mwanamke aliyeshika grinda. Hakuna aliyejitolea. Mwisho Mkurugenzi akapanda kibandani mwenyewe, suti na yote, akainama mlangoni.

"Mama, unadhani mimi sipendi hii treni? Baba yangu alisafiri nayo kwenda kutafuta kazi. Nataka kila mtu aione. Humu gizani nani anaiona?"

"Ukimpenda mtu humjazi zege."

"Nyie mna hamu ya miezi michache," alisema, na hakuwa akipiga kelele. "Halafu mzee atachoka, yule kinyozi atarudi dukani, wewe utapata kazi za kukulipa. Nani atamlisha makaa? Nani atampaka mafuta? Nimeona mengi yakianza kwa shangwe yakaishia kichakani. Sanamu haichoki."

Neno hilo lilimwingia Fundi, kwa sababu usiku fulani alilala akijiuliza hivyo hivyo. Hakuwa na jibu la mwaka ujao. Alikuwa na jibu la asubuhi ile.

"Siku nikichoka, njoo na zege lako. Leo sijachoka. Kama una haraka, mwaga. Ila pale kwenye kibao cha sanamu andika kwamba ndani kuna mama wa watoto watatu."

Mkurugenzi akashuka. Akamwambia Meneja ampigie mume simu, aje amtoe mkewe.

Mume alikuja. Watu wote wakageuka kumtazama, wengine wakimwonea huruma. Akapanda, akachungulia tanuri.

"Mama Watoto, umekula?"

"Bado."

Akarudi kwenye pikapu, akaleta chupa ya chai na mkate, akavipitisha mlangoni. Kisha akaiwasha pikapu, akaisogeza polepole mpaka ikakaa katikati ya lori la zege na Shangazi, akazima, akatia funguo mfukoni.

"Hiyo gari itoe hapo!" Mkurugenzi akasema.

"Betri imekufa, mzee."

"Si umeiwasha sasa hivi?"

"Ndiyo ilikuwa pumzi yake ya mwisho."

Kuna mtu alicheka, kisha wa pili, kisha karakana nzima. Mjomba, ambaye hakusikia vizuri, aliuliza kwa sauti wanacheka nini, Kinyozi akamrudishia, naye akacheka peke yake baada ya wenzake kunyamaza.

Dereva wa lori ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama pipa lake. "Wakubwa, mimi naomba kusema. Zege halisubiri mtu. Likigandia humu, gari langu ndilo litakuwa sanamu. Nambieni pa kumwaga, hata kama ni baharini."

Mjomba akanyoosha fimbo yake kuelekea mlangoni mwa karakana, kwenye lile dimbwi la matope lililomeza viatu vya watu miaka nenda rudi.

"Hapo!"

Mkurugenzi hakutoa ruhusa wala hakukataza. Aliingia garini mwake akapandisha kioo. Dereva hakungoja. Zege likamwagika, wafanyakazi wakakimbilia mbao, Kinyozi akalisawazisha kwa beleshi kama anayepaka siagi. Mkurugenzi alipoondoka hakukuwa na njia nyingine. Tairi zake zilipita juu ya zege bichi zikaacha michirizi miwili ambayo ipo mpaka leo.

Fundi alitoka jioni, pini ya mwisho ikiwa mahali pake.

*

Mkaguzi alirudi. Aligonga kila pini, hakuchora msalaba. Walijaza boila maji mpaka juu, wakayasukuma kwa pampu, mshale wa kipimo ukapanda. Wakangoja. Fundi aliutazama mshale ule kama mama anavyomtazama mtoto mgonjwa. Haukutikisika.

"Ndani ya yadi tu," Mkaguzi akasema akisaini. "Mwendo wa mtu anayetembea. Presha isipite hapa, na siku ya kwanza nitakuwepo." Akafunga kalamu. "Kazi nzuri."

Siku ya ufunguzi waliwasha moto alfajiri, kwa kuni kwanza, kisha makaa, maana boila ya zamani haipashwi moto kwa pupa. Upande wa pili wa uzio viti vilipangwa, spika zikajaribiwa, Mkurugenzi akapanda kuhutubia. Nyuma yake jukwaa lilikuwa tupu. Walikuwa wamelifunika kwa maua.

Kibandani Mjomba alisimama mahali pake pa zamani. Akaushika mpini wa mvuke. Fundi alitaka kumsaidia.

"Usiniguse! Wewe tazama maji."

Akavuta mpini. Shangazi akatoa mvuke pembeni, akanguruma, hakwenda. Akavuta tena. Magurudumu yakalia, yakagoma. Meneja, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, alifunika uso.

"Amesinzia miguu," Mjomba akasema. Akageuza gia, akamrudisha nyuma kidogo sana, upana wa kiganja hivi, mpaka kitu fulani chini yao kikaachia kwa kishindo. Akageuza tena mbele.

Shangazi akatembea.

Alitoka karakanani akipumua kwa nguvu, akapita juu ya reli zilizoota nyasi, akakata nyasi hizo, akaenda kando ya uzio mpaka usawa wa stesheni mpya. Kinyozi alitupa makaa huku machozi yakimchora mistari kwenye masizi. Mjomba akaning'inia kwenye kamba ya honi kwa mikono miwili. Sauti ilipita juu ya spika, juu ya hotuba, juu ya mabati ya nyumba za reli. Mkurugenzi alikatizwa katikati ya sentensi. Watu wote wa viti vya mbele wakawa wamempa mgongo, na kule ng'ambo watu wakatoka majumbani mbio, wengine na povu la sabuni mikononi, wengine nusu ndevu zimenyolewa, wakashika uzio.

Mkurugenzi hakupiga makofi. Alisimama ameshika kipaza sauti, akamtazama Shangazi muda mrefu, kisha akaikunja karatasi yake.

Hakusamehe, vilevile. Meneja alihamishiwa stesheni ndogo ya mbali, na Fundi alifutwa kwenye kazi zote za reli. Wiki iliyofuata karakana ilikuwa na kufuli kubwa. Fundi alikuja mchana kweupe, mbele ya mlinzi, akalikata kwa grinda. Likawekwa jingine. Akalikata. La tatu alikabidhiwa mlinzi alifunge mwenyewe. Fundi alipofika alimkuta bado amelishika mkononi.

"Sasa mama, nifunge, au nifanyeje?"

"Funga jioni tukishaondoka. Ufunguo nipe mimi."

Akampa.

Shangazi haruhusiwi kutoka yadini mpaka sasa, na Mkurugenzi bado ni mkurugenzi. Lakini kila Jumamosi moto unawashwa, na Fundi anajifunza kuendesha. Mjomba amewekewa kiti pembeni, anachokikalia kwa nadra, akimpigia mpwa wake kelele zinazosikika mpaka barabarani kwamba hivyo sivyo breki inavyoshikwa, kwamba hapo hakanyagi mende, kwamba arudie, arudie tena, na safari hii kwa adabu.